Swali la Nyanya

Kila nikinusa ubani, narudi Majengo, chumbani mwa nyanya. Saratani ilikuwa imemla hadi shuka likaonekana halina mtu. Muuguzi alimletea morfini ya maji, wageni walimletea maneno: "Utapona tu, inshallah."

Siku moja alinigeukia. "Wewe bingwa wa maswali, leo nijibu langu. Mimi ninakufa?"

"Ndiyo, nyanya."

Akacheka mpaka akakohoa. "Alhamdulillahi! Njoo ukae hapa tuongee."

"Mtoto hana adabu huyu!" Mama akanivuta nje, akanikataza kuingia tena.

Nilikuwa nikikaa kizingitini, nikimsikia nyanya akiniulizia kila alipoamka, na mama akimjibu, mchana kweupe, kwamba nimelala.