Maji Yanayouma Jioni

Nestory, fundi wa televisheni aliyepanga fremu ya ubavuni mwa ile ninayoshonea nguo hapa Igoma, ana ugonjwa mmoja tu: kuuliza. Ukimpelekea televisheni imezima, atataka kujua ilizimaje, ilitoa harufu gani, mvua ilikuwa inanyesha au la. Wateja wenye haraka humkimbia. Nimeshamwambia, "Wewe Mhaya, tengeneza vitu vya watu, umbea tuachie sisi." Hucheka, halafu huuliza swali jingine.

Ugonjwa huo unaambukiza. Siku moja nilikuta amefungua televisheni mgongo, nikachungulia. Mimi nilidhani umeme ukishaingia unaenea tu humo ndani popote. Kumbe kuna mpaka.

"Upande huu ni wa moto," alisema, akinionyesha kwa ncha ya bisibisi. "Huu ni umeme wenyewe wa ukutani, hauna mzaha. Upande ule ni wa baridi. Spika, tundu la antena, vyote ambavyo mkono wa mtu unafika, viko kule. Katikati pametengwa."

"Sasa nguvu inavukaje?"

"Kwenye transfoma. Nyaya mbili zimezungushwa pamoja, hazigusani popote, lakini nguvu inapita. Kama wewe na jirani mnavyopeana chumvi juu ya ua, kila mtu akabaki kwake."

Jambo hilo lilinikaa kichwani hadi nikashona mkono wa gauni la mtu kinyume.

Basi, Ijumaa moja akanipigia simu shangazi yangu Ng'washi kutoka Magu. Mikono yangu ilikuwa kwenye cherehani, nikaweka sauti ya nje. "Sabina, Jumapili uje," alisema. "Tuna kikao. Tunamrudisha Queen kwao."

Queen ni mke wa binamu yangu Josephat, mtoto wa shangazi huyo. Gauni lake la harusi nililishona mimi. Ni binti mpole, hana neno na mtu, na nilihisi hasira inanipanda. Nikauliza amefanya nini.

"Ng'ombe wamekataa maji yake! Asubuhi nikiwanywesha mimi wanakunywa vizuri tu. Jioni akiwanywesha yeye, wakitia mdomo wanaruka nyuma. Wamekonda, maziwa yamekata. Kuna kitu anaweka huyu."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Eti maji yanauma! Umesikia wapi maji yanauma?"

Nestory alikuwa amesimama mlangoni kwangu na kikombe cha chai. "Muulize televisheni wanawasha muda gani," alisema.

Nikamkazia macho. Watu wanavunja ndoa, yeye anauliza televisheni! Lakini nikauliza. Shangazi akajibu kwa kuudhika kwamba mzee wake anaichomeka mwenyewe jioni ng'ombe wakirudi, na taarifa ya habari ikiisha anachomoa. Televisheni yao hiyo iliwahi kupigwa na radi, na mimi ndiye niliyemletea Nestory akaitengeneza.

Nestory akaweka kikombe chini. "Jumapili nakwenda na wewe," alisema, na safari hiyo hakuuliza kitu.

Tulipofika, wazee walikuwa wameshakaa kwenye viti uani. Queen alikuwa juu ya mkeka, kichwa chini, na begi lake limewekwa mlangoni. Nestory alisalimia, "Shikamooni," akaomba aone kwanza mahali ng'ombe wanapokunywa. Wakamtazama kama kichaa, ila wakamruhusu.

Palikuwa na pipa la chuma lililokatwa nusu, limekalishwa juu ya matairi chakavu. Antena ilisimama juu ya bomba la chuma. Kutoka kwenye bomba hilo ulivutwa waya wa kuanikia nguo hadi kwenye kigogo, na ncha yake iliyobaki ilining'inia ikagusa mdomo wa pipa. Nestory alifuata waya huo kwa macho, huku na huku. Akamwomba mzee achomeke televisheni. Akatoa mita yake ya kupimia umeme, ncha moja akaichoma kwenye tope, nyingine akaitia kwenye maji. Namba zikapanda. Chomoa, mzee. Zikashuka. Chomeka. Zikapanda. Wazee waliacha viti vyao wakaja kuinama juu ya ile mita, wanasukumana, kikao kimesahaulika.

Shangazi hakusahau. "Kumbe ni huo waya! Na aliyeufunga nani? Si yeye huyo, aanike nguo zake?"

Watu wakamgeukia Queen. Nikamtazama Nestory. Angeweza kukata waya tu, akanywa soda yake, tukaondoka. Igoma maneno hayakawii kufika, na nani atampelekea televisheni fundi ambaye kazi yake inapiga watu shoti?

"Waya hauna kosa, mama," alisema. "Kosa ni langu."

Akaileta televisheni nje, akaifungua mbele yao, akaonyesha ule mpaka. Pale juu ya mpaka, alisema, hukaa kapasita, kidude kidogo maalumu cha kutuliza picha. Radi iliipasua. "Sikuwa nayo. Nikaweka nyingine, kubwa, ya kazi nyingine. Picha ikatulia, nikafunga. Nilijua pale hapawekwi chochote tu. Inavujisha umeme wa moto kuja upande wa baridi, unatoka kwa antena, unafuata waya, unaingia pipani. Aliyevaa viatu vya mpira hausikii. Ng'ombe hana viatu."

Nilimwonea huruma, na nilimheshimu kuliko siku zote nilizomfahamu.

Shangazi akaangalia gambuti zake za mpira. Akavua moja, akavua ya pili, akasimama kwenye tope miguu mitupu. "Chomekeni."

"Mama, hapana. Umeme haujaribiwi."

"Mbona huyu alijaribiwa? Chomekeni, nijue alikuwa anasema nini."

Nestory alitangulia kugusa maji yeye, akakunja uso, akaondoa mkono. Shangazi akatia vidole. Akaruka nyuma kama wanavyoruka ng'ombe wake, na hapakuwa na aliyecheka. Alibaki ameshika mkono wake, akimwangalia Queen.

"Kila siku?"

"Kila jioni, mama," Queen alisema. "Nilikuwa nalisugua pipa kwanza kwa mikono, msije mkasema ni chafu."