Meza Isiyotikisika

Harufu ya mbao za msonobari zilizokatwa upya hunirudisha Edmonton, kaskazini mwa London, kwenye ua wa nyuma wa nyumba yetu, katika majira ya baridi nilipokuwa na miaka kumi. Ua wenyewe ulikuwa wa saruji, mwembamba, ukuta wa jirani upande mmoja na mapipa ya taka upande wa pili. Baba alifunga turubai la buluu juu, akawa anapiga randa chini yake huku mvua ikichuruzika pembeni, na maranda yakilowa na kunata kwenye saruji kama makapi ya chai. Ndani ya nyumba harufu ilikuwa nyingine kabisa: dawa ya vidonda, shuka zisizokauka vizuri, uji uliokataliwa ukapoa. Nilipofungua mlango wa nyuma harufu hizo mbili zilikutana usoni pangu, na mpaka leo siwezi kuzitenganisha.

Sebule yetu ilikuwa imegeuzwa chumba cha kaka yangu Amani. Alikuwa na miaka kumi na sita, kijana wa mpira, mtu wa kulikimbilia basi lililokwisha kufunga milango na bado akalipata. Mwishoni mwa kiangazi aliamka akilalamika mgongo, na kabla ya jua kuzama miguu ilikuwa haimsikii tena. Hospitali walisema ni uvimbe ndani ya uti wa mgongo. Walimtibu, uvimbe ukaisha, lakini miguu haikurudi. Alirudi nyumbani na kiti cha magurudumu ambacho hakukitaka, akageukia ukuta. Mama alikuwa mtunza wazee, kazi yake ilikuwa kuwageuza na kuwaosha watu wasiojiweza, na sasa mwanawe mwenyewe alimkatalia mikono. Kwa kuwa hakugeuzwa, ngozi ya kiunoni ikachubuka, ikawa kidonda, kidonda kikachimba. Chakula alikirudisha. Sisi watoto tuliokulia London tulikuwa tukisemeshwa Kiswahili na kujibu Kiingereza, na neno alilokuwa akilijibu Amani lilikuwa lile lile kila siku, kwa Kiingereza: mniache. Mchungaji alikuja akaomba. Mama alifunga mpaka midomo ikapasuka. Mfa maji haachi kutapatapa, na nyumba yetu yote ilikuwa ikitapatapa.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mpole aliyekuwa akija kumnyoosha miguu, ndiye aliyemweleza Mama kuhusu ukumbi ambako watu wenye viti vya magurudumu hujifunza kulenga shabaha kwa bunduki za upepo. Mama hakumwambia Baba. Alimvalisha Amani koti akiwa anapinga, tukapanda basi sote watatu. Ukumbini alitupokea mzee mmoja wa Kiingereza, Bwana Ken, msimamizi wa pale, asiyesikia vizuri na kwa hiyo mwenye kusema kwa sauti kubwa. Alimweleza Amani sheria za usalama, akarudia, kisha akamruhusu kulenga karatasi iliyotundikwa mwisho wa ukumbi. Bunduki ile haikunguruma. Ilitoa mlio mkavu, kama rula inayopigwa juu ya dawati. Nilimwona kaka yangu akibana pumzi na kutazama kitu kilicho mbali, na nikatambua kwamba tangu augue alikuwa hatazami zaidi ya ukuta ulio mbele ya pua yake. Jioni ile aliomba ugali na sombe ya majani ya muhogo. Mama aliegemea sinki la jikoni, akafungulia maji ili tusimsikie analia.

Furaha ile haikudumu. Meza za ukumbini zilikuwa zile za kukunjwa, zenye miguu myembamba ya chuma. Wengine pale walikuwa na nguvu kiunoni na mgongoni, hawakuhitaji kuzitegemea. Amani hakuweza kukaa wima bila kulaza kifua na viwiko mezani, na miguu yake iliyokufa ilikuwa bado ikishtuka na kukakamaa yenyewe, magoti yakigonga meza kwa chini. Meza ikacheza, bunduki ikacheza, na vijirisasi vikatua ukingoni mwa karatasi au nje yake kabisa. Bwana Ken alijaribu kuweka mifuko ya mchanga, akajaribu kuikalia meza upande wa pili. Haikusaidia. Alimwambia Mama kwamba kijana anahitaji meza nzito, iliyokatwa kufuata kifua, isiyogusana na kiti wala magoti, na kwamba wao hawana meza kama hiyo. Tuliporudi nyumbani Amani alisema, “Hata karatasi siiwezi.” Akageukia ukuta tena, na safari hii hata maji aliyakataa.

Basi Mama akalazimika kumwambia Baba. Baba alikuwa seremala huko Uvira, mashariki mwa Kongo, mwenye karakana yake, kabla ya kuwa mpakiaji wa maboksi katika ghala la London. Asubuhi moja watu wenye silaha walimpiga risasi mdogo wake mlangoni mwa karakana hiyo, Baba akiwa amelala kifudifudi nyuma ya rundo la mbao. Hakuwahi kutusimulia, tulisikia kwa Mama. Lakini tulimjua. Jioni za fataki za sherehe alijifungia bafuni na kufungua mabomba yote. Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi Mama alipomweleza.

“Umempeleka mwanangu akashike bunduki,” Baba alisema taratibu. “Nimeikimbia nchi nzima kwa ajili ya kitu hicho, Mama Amani. Leo unataka nikichongee meza?”

“Mwanao anakufa,” Mama akasema. “Hapa, si Uvira. Hakuna wa kumkimbia hapa.” Kisha akapiga magoti kwenye zulia, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akimpigia magoti mtu yeyote isipokuwa Mungu. Baba alichukua koti lake la kazini, akatoka.

Wiki ile ile Amani alipandwa na homa. Kidonda kilikuwa kimeoza ndani. Gari la wagonjwa lilikuja, majirani wakachungulia nyuma ya mapazia. Wodini daktari aliwaita wazazi wangu pembeni; sikusikia maneno yake, ila nilimwona Mama akiziba mdomo kwa mikono miwili na Baba akitazama viatu vyake. Walimsafisha kidonda, homa ikashuka, akarudi nyumbani amebaki macho na mifupa. Jumamosi iliyofuata niliamshwa na sauti ya msumeno. Baba alikuwa ameleta mbao nene kutoka kwa Mkongo mwenzetu wa kazi za ujenzi, na vifaa alivyoazima, na alikuwa akikata kwa hasira, kama mtu anayepigana. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Meza aliyoitengeneza ilikuwa nzuri, ya miguu minne, imelainishwa kama ya kulia chakula. Gari la kanisa likaibeba.

Baba hakuingia ukumbini. Alisimama nje kwenye baridi, mgongo wake kwenye ukuta. Ndani, Amani alilaza kifua kwenye mbao za baba yake na kupiga, na meza ikatikisika. Sakafu ya ukumbi ule ilikuwa na mabonde, na miguu minne haikukubaliana nayo. Amani alipiga tena, kisha akaweka bunduki chini na kulaza paji la uso mezani. Hakulia. Nilitamani alie. Nilikimbia nje nikamwambia Baba, “Inacheza.”

Alinitazama kama vile sikusema kitu. Halafu akanikabidhi koti lake, akaingia. Alipita mbele ya watu wote wale na bunduki zao, akapiga magoti, akaingia chini ya meza na kushika mguu mmoja wa meza kwa kiganja.

“Piga,” akamwambia Amani.

“Baba, toka. Si lazima.” Alisema kwa Kiswahili.

“Piga, mwanangu. Nataka kuusikia mguu huu.”

Mlio ulipotoka mwili mzima wa Baba uliruka, kichwa kikagonga mbao. Akahamia mguu mwingine. “Tena.” Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni na shati limemganda mgongoni. Aliendelea hivyo, mguu baada ya mguu, mlio baada ya mlio, Bwana Ken akiwa amesimama kando yake. Kisha akatambaa nje, akatembea mpaka nje, akatapika ukutani. Nilimfuata na koti. Alifuta mdomo kwa mkono wa shati, akaniambia, “Faida mwanangu, mguu mmoja pale hauna kazi. Ndio unaotuharibia.”

Akaanza upya. Safari hii ilikuwa miguu mitatu, minene, iliyopanuka chini kama ya kigoda, maana kigoda hakitikisiki hata kwenye udongo wenye mashimo. Aliipachika bila msumari, ulimi wa mbao ndani ya tundu lake, akaziba kwa gundi. Uso wa meza aliuunganisha tabaka mbili, akaukata mviringo kufuata kifua cha Amani, ambaye alimsogeza uani akiwa amefunikwa blanketi ili ampime. Aliuinua juu ili magoti yasiufikie hata yakishtuka. Chini kabisa akaweka rafu ya kubebea mawe ya uzito. Wanaume wa kanisani waliibeba wakihema na kusimama njiani, na Amani alipopiga haikutikisika.

Haikuwa muujiza. Amani alilazwa hospitalini tena kabla ya masika, na zilikuwapo siku ambazo neno lile la kutaka aachwe lilirudi, na Mama akatoka nje kwenda kusimama kwenye mvua. Lakini alikubali kugeuzwa ili kidonda kipone, na alikula ili apate nguvu ya kufika mezani. Matundu kwenye karatasi yalianza kukaribiana. Baba alimpeleka kila juma, na kila mlio alishtuka. Hakuwahi kuzoea.

Leo Amani anaishi Croydon, kusini mwa London, na mke wake, anafanya kazi ofisini, na ana miaka mingi hajalenga shabaha. Alipata vitu vingine vya kutazama. Mimi nina umri aliokuwa nao Baba wakati ule, na binti ambaye akipatwa na homa ndogo tu natafuta majibu kwenye simu mpaka macho yananiuma. Utotoni niliamini wazazi wangu wanajua wanachofanya, kwamba nyuma ya hofu zao palikuwa na uhakika fulani waliotuficha. Mwezi uliopita, tukiwa kwenye kituo cha basi, nilimwuliza Baba kama alijua kwamba meza ile ingemwokoa Amani.

“Sikujua,” akasema. “Nilijua kutengeneza meza tu.”