Noti ya Marehemu Baba Ilirudi Dukani Kwangu

Admin, jina langu lifiche, hata la kijiji chetu usilitaje. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mkazi wa wilaya ya Serengeti, nina watoto wawili na kaduka ka rejareja, humo humo ni wakala wa pesa za simu. Najua wengi mtanitukana. Tukaneni, ila mkimaliza mnisaidie.

Nina ugonjwa mmoja nilioachiwa na baba: kukusanya noti zenye namba za ajabu. Baba alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Hakwenda shule, barua alisomewa, lakini tarakimu alizijua kuliko mwalimu. Akirudi mnadani alinikalisha tukapekua noti moja moja, tukitafuta yenye saba tupu, au ile inayosomeka sawa ukianzia mbele au nyuma. Nikimuuliza zile herufi mbili za mwanzo ni za nini, ananijibu, "Achana nazo, hizo ni za wasomi. Sisi tunaangalia namba." Na mimi niliyefika kidato cha nne sikuwahi kuziangalia. Noti aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya elfu kumi, namba 4830384. Hata siku tulizolala na uji mtupu hakuitoa.

Mwaka jana baba alifariki. Aliyemvalisha ni kaka yangu mkubwa, nimwite Chacha. Nilimpa ile noti mbele ya mama, nikamwomba aiweke kwenye mfuko wa koti la baba, upande wa moyo. Alipotoka akaniambia, "Nimeiweka, mdogo wangu. Nimefunga na kifungo." Tukamzika pale pale nyumbani.

Miezi minne baadaye wifi yangu, mke wa Chacha, alikuja dukani kununua unga na sabuni, akanipa noti ya elfu kumi. Mimi sipokei noti bila kusoma namba. 4830384. Nikamuuliza, "Wifi, hii umeitoa wapi?" Akanijibu bila wasiwasi wowote, "Kaka yako kanipa asubuhi. Kalipwa kibarua cha kupakia mahindi." Ningetulia hata siku moja tu. Sikutulia. Nilifunga duka, nikapanda bodaboda hadi kwa mama, nikamwaga yote mbele ya majirani.

Wazee wa ukoo walikaa Jumamosi. Chacha alirudia yale yale ya kibarua cha mahindi. Mimi nikasimama, nikaitaja namba kwa kichwa kabla ya kuwaonyesha noti, watu wakaguna. Sitawaficha, siku ile nilijiona mjanja. Mzee mmoja akamwambia Chacha, "Mura, kijana wangu, kama si wewe, basi kaburi limeguswa. Tutalifungua tuone." Mama akaanguka chini, analia mume wake asifukuliwe. Chacha alimtazama mama, akasema, "Msimguse mzee. Ni mimi. Nilichukua."

Wakamtoza ng'ombe mmoja, wakamkataza kukanyaga nyumbani kwa baba. Mama akasema mbele ya wote, "Huyu sikumzaa." Wifi akarudi kwao Ringwani na watoto watatu, na maneno yakawafuata huko huko. Shuleni wanaitwa watoto wa mwibia maiti.

Sasa sikieni. Mwezi uliopita fundi alinifufulia simu yangu ya zamani, nikakuta picha ya baba ameshika noti yake anacheka. Nikaivuta nimwone vizuri, na herufi zikaonekana: BX. Nikaenda kabatini kutoa ile ya wifi, niliyokuwa nimeitunza kama ushahidi. FK. Namba ile ile, herufi tofauti. Nilimuuliza mteja wangu mmoja aliyewahi kufanya kazi benki, akacheka akasema namba huwa zinajirudia, kinachotofautisha ni herufi. Zilikuwa noti mbili. Ya baba iko kwake chini, kifungo kimefungwa. Kwa mkusanyaji kukutana na kitu kama hicho ni bahati ya maisha. Mimi nilifunga duka siku hiyo hiyo.

Nilimfuata Chacha Tarime, alikopanga chumba na kubeba mizigo sokoni. Amekonda sana. Nikamwonyesha picha, nikamwonyesha noti, nikapiga magoti. Aliangalia kidogo tu akanirudishia simu. "Mimi nilijua sijachukua," akasema. "Sikuhitaji picha."

Nikamuuliza kwa nini alikubali. Akasema, "Mlikuwa mnakwenda kumchimba mzee. Mama angefia pale pale." Kisha akanikataza kusema, nikamwahidi. Anasema wazee wetu herufi haziwaingii, watataka kaburi lifunguliwe wahakikishe kwa macho, na yale aliyoyabeba yote yatakuwa bure. "Subiri mama amfuate mzee kwanza," akaniambia. Alininunulia soda kwa hela yake ya kibarua, nikashindwa kuinywa.

Ningeweza kumtii. Lakini juzi presha ilimzidi mama, nikakesha naye hospitali. Alfajiri akanishika mkono akasema, "Nikifa, Chacha asitie udongo kwenye kaburi langu. Niahidi." Nilifungua mdomo nimwambie ukweli, nikaogopa atakata roho mbele yangu. Nikaahidi.

Ndugu zangu, nikisema, baba anafukuliwa na mama huenda asipone. Nikinyamaza, mama anakufa amemkana mtoto aliyemkinga, na watoto wa Chacha wanabaki na lile jina. Wifi yangu bado ananipigia simu kumjulia mama hali, ananiita wifi kama zamani, hajui kuwa noti zilikuwa mbili. Daktari anasema mama ana siku chache. Nishaurini leo, msingoje kesho: nivunje ahadi ya nani, ya mama au ya kaka?