Kadi ya Salamu Isiyokuwa na Jina Langu

Mniwie radhi kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la saba, na herufi zangu bado hutembea kama kuku aliyenyeshewa. Mahali nilipokosea, someni nilichotaka kusema. Nimeandika kwa siku tatu.

Mwanangu, juzi mjukuu wangu alikuwa akiweka wimbo kwenye simu, pale marafiki wote huona, akitumaini kijana mmoja wa kule Kiriaini atajua kwamba wimbo ni wake. Nikamuuliza kama amemwambia. "Guka, ataelewa tu," akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi babu yake. Hapo nikakumbuka asubuhi moja ya ujana wangu, kwenye foleni ya kupeleka maziwa hapa Mweiga.

Miaka ile palikuwa na wimbo wa gita wa mtu aliyekwenda mbali kuchuma chai, akimwomba msichana wake asichoke kumngoja. Rika langu lote liliujua. Tuliuimba tukikama, hata ng'ombe nadhani waliuzoea. Na ukiwa na neno na mtu, ulinunua kadi ya salamu, ukaandika jina lake, wimbo na jina lako, ukaituma redioni. Mtangazaji akiisoma, kijiji kizima kilisikia.

Mimi nilikuwa na haya sana. Nilimpenda Wangari, ambaye kila asubuhi nilipanga foleni pamoja naye, kila mtu na mkebe wake, lakini kwa mwaka mzima sikumwambia zaidi ya "Habari ya asubuhi." Nikaenda Nyeri kwa Mama Rekha, Mhindi mmoja mzee aliyekuwa na duka la kaseti, nikanunua kadi. Mahali pa jina langu nikaandika "Kijana wa Baridi".

Ilisomwa Jumamosi mchana. Jumatatu foleni ilikuwa kama harusi.

"Wangari, ati uko na Kijana wa Baridi!" mama mmoja akasema. "Mwambie avae sweta!"

Wangari alicheka pamoja nao. Kisha akageuka, na macho yake yakakaa kwangu. "Kama yuko hapa, aseme. Mimi sitamcheka."

Mwanangu, nilitazama mkebe wangu kama mtu anayetafuta nzi ndani ya maziwa. Kamande, aliyekuwa nyuma yangu, akapandisha kofia yake. "Si ni mimi! Mnauliza nini na mnanijua?"

Wangari alinitazama mara moja tena, kidogo tu, akabeba mkebe wake akaenda.

Kesho yake nilirudi kwa Mama Rekha kununua kadi nyingine, ili redio isahihishe mambo. Nilipomweleza, alifunga sanduku la kadi.

"Sikuuzii. Ile kadi ilifanya kazi yake, msichana akafungua mlango. Wewe ukabaki nje unatafuta kadi ingine. Mdomo uko nao?"

"Niko nao, mama."

"Basi enda nao Mweiga. Leo."

Chelewa chelewa, utapata mwana si wako. Sikwenda siku ile. Nilingoja mvua ipite, halafu viazi vichimbwe, halafu nipate viatu. Nilipomwambia hatimaye, Wangari aliweka mkebe chini.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Kamande hata huo wimbo hajui. Nilikungoja useme. Sasa wazee wa kwao wamekuja kwetu, na mimi nimekubali."

Sitasema Kamande ni mtu mbaya. Amemtunza vizuri, na mpaka leo tunapeana mbegu za viazi. Mimi nilioa mwingine, ambaye nilimwambia kwa mdomo wangu, na haya zangu zote, katikati ya shamba. Akanijibu nimsaidie kwanza kubeba gunia. Tumeishi vizuri. Lakini wimbo ule ukipigwa, bado natazama chini.

Nasaha yangu ni hii. Imba nyimbo za rika lako na uzipende, maana ukizeeka ndizo zitakazokukumbusha ulivyokuwa. Lakini wimbo hubisha hodi tu. Ukifunguliwa, ingia mwenyewe, na jina lako. Mficha uchi hazai. Kuwa na haya si kosa, nami bado ninazo. Sema hivyo hivyo, ukiwa nazo.

Mungu akupe sauti siku utakayoihitaji, na akupe mtu wa kukungoja kidogo, wewe usimchoshe.

Nawaomba mniandikie. Niambieni wimbo wenu ulikuwa wa nani, na kama mwenyewe alijua. Andikeni polepole, kwani hata kusoma nasoma polepole. Ila msijifiche nyuma ya jina la kubuni.

Mimi ni Muriuki, wa Mweiga. Kijana wa Baridi nilikuwa mimi.