Ndimu za Nekesa

Nilipokuwa mtoto pale mtaani Kambi Muru, mdudu wa jino hakuwa hadithi. Mimi nilimwona kwa macho yangu, kwenye sufuria ya maji, na usiniambie nilidanganywa. Hilo nilishaambiwa, na bado linaniuma.

Mdogo wangu Nekesa alikuwa na miaka saba, meno mapya ya mbele ndiyo kwanza yameota, makubwa kuliko uso wake. Huyo alikuwa mtoto wa mabuyu, yale mekundu ya sukari. Asubuhi mabuyu, mchana mabuyu, jioni ulimi mwekundu. Basi gego likaanza kumuuma. Mama alikuwa anafulia watu nguo mtaa wa Ayany kutwa nzima, kwa hivyo tuliachwa na Kukhu, nyanya yetu aliyekuja kutoka Bungoma kutulea.

"Huyo ni mdudu," Kukhu akasema. "Amefuata sukari."

Akachoma mbegu za ndulele, tunda la porini, kwenye kigae juu ya sufuria ya maji, akamfunika Nekesa na leso, akamwambia afungue mdomo moshi uingie, na mate yadondoke majini. Alipofunuliwa, woi! Vitu vidogo vyeupe vilikuwa vinaelea. Majirani wakaitwa kuona. Nikiwa mtu mzima nilizichoma mbegu hizo peke yangu, bila mtoto wala jino, na vyeupe vilevile vikaanguka majini. Vilikuwa vinatoka ndani ya mbegu.

"Wengine wamebaki," Kukhu akasema siku ile. "Mdudu wa sukari anauawa na uchachu."

Kazi nikapewa mimi: kumkatia Nekesa ndimu anyonye, na ikikauka nimpe nyingine, mpaka Mama arudi. Na asinywe maji, yataosha dawa. Nilikuwa na miaka kumi na nilijiona daktari mkubwa.

"Nafula, naomba maji kidogo tu," alikuwa akiniambia. "Kukhu hataona."

"Unataka mdudu akule mpaka ubongo? Nyonya!"

Alinyonya huku machozi yanamtoka, kwa sababu aliniamini.

Baada ya wiki kadhaa, meno ya mbele yalipoteza mng'ao. Yakawa ya njano, membamba, ncha zinakatika kama biskuti. "Unaona!" Kukhu akapiga makofi. "Amehamia mbele." Tukaongeza ndimu. Mungu wangu, tuliongeza!

Mama akakosa kazi siku moja, akatupeleka kliniki. Daktari wa meno, mama mpole, akauliza Nekesa anakula nini. Nikajibu mimi, kwa fahari, sikuficha kitu. Akaweka tochi yake chini.

"Kila ukikula, asidi inapanda mdomoni," akatueleza. "Mate yanaiosha polepole, lakini yanataka muda. Huyu amekula mabuyu siku nzima, halafu ndimu, ambayo ni asidi yenyewe, siku nzima. Meno hayajapumzika hata kidogo. Maji tu yangesaidia."

"Lakini yataota mengine?" nikauliza.

"Hapana, mama. Haya ndiyo ya mwisho."

Kukhu aliambiwa. Alikaa mlangoni mpaka chai yake ikapoa. Yeye pia alitibiwa hivyo utotoni, na sasa nikikumbuka, alikuwa na meno matatu tu. Simlaumu. Alitupa alichokuwa nacho. Lakini aliyekata ndimu ni mimi, na aliyeombwa maji ni mimi.

Siku hizi Nekesa anauza nguo kule mtaa wa Raila. Ana maneno matamu, wateja wanampenda, lakini akicheka mkono unaruka kufunika mdomo. Hata kwenye picha za harusi yake mkono uko pale. Nimetafuta neno la kumwambia miaka yote hii na sijalipata. Akija kwangu kula, kabla sijapakua chochote, namwekea glasi ya maji karibu. Huyanywa yote, kisha ananisukumia glasi nimwongeze, na mimi namwongeza.