Kanzu Niliyoifua Mwenyewe

Kaka yangu alirudi nyumbani Jumapili akiwa bado na kanzu aliyoivaa kwenda kuswali Ijumaa. Koplo mmoja alimsimamisha njiani akamdai kitambulisho, na kaka, ambaye ulimi wake haukujua kukaa kimya, akamjibu kijeuri. Kwa hilo tu alipigwa siku mbili kituoni. Kanzu ilikuwa imeganda damu kutoka shingoni hadi kifuani.

Kumshtaki polisi, kwetu pwani ya Malindi miaka ile ya themanini, kulionekana wazimu. Kaka alishikilia. "Mimi sitaki fidia," alisema. "Nataka aseme mbele ya watu kwamba alinipiga."

Fomu ya kupeleka kwa daktari hutolewa na polisi wenyewe. Kesi ya ngedere, hakimu nyani! Walituzungusha njoo kesho, njoo kesho, hata tulipoipata majeraha yalikuwa yamefunga na daktari akaandika makovu tu. Wakili wetu, mzee kutoka Mombasa, akauliza nguo aliyovaa iko wapi.

Nilifurahi, maana niliitunza mimi. Nikampa kwa mikono miwili, imekunjwa vizuri. Alipoikunjua, chumba kizima kikanukia udi.

"Nani aliyeifua?"

"Mimi."

Nikamweleza, tena kwa kujisifu, mjinga mimi. Damu ni najisi, haiachwi ndani ya nyumba watu wanamoswali. Niliiloweka asubuhi ile ile aliyorudi, nikaisugua kwa ndimu na sabuni ya kipande hadi vidole vikachubuka, nikaipiga pasi ya makaa, nikaifukiza. Sikujua namna nyingine ya kumpenda kaka yangu. Wakili alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema taratibu, "umemfulia koplo."

Mahakamani koplo aliapa kwamba hakumgusa. Wakili hakuwa na cha kumwonyesha hakimu, na shauri likatupwa kabla ya adhuhuri.

Nilidhani yameisha. Kumbe koplo alikuwa amepanga chumba mtaa wa pili, na kila asubuhi akipita mbele ya baraza yetu. "Shikamoo, mama." Mama hakuwahi maishani mwake kuiacha salamu ya mtu bila jibu. "Marahaba, mwanangu," akiitikia, kisha akiinamia tena ungo wake wa mchele. Kaka alikuwa ndani, akiyasikia yote.

Alivumilia mwezi mmoja, kisha akafunga virago kwenda kukaa Kibarani kwa shangazi yetu. Mlangoni nilimshika mkono. Nilitaka anitukane, anizabe hata kofi.

"Wewe hukujua, dada," aliniambia, akautoa mkono wake polepole.

Miaka imepita, na koplo sijamwota hata siku moja. Ninayemwota ni kaka yangu, akinisamehe.