Kamba Isiyo na Macho

Mwalimu wetu wa baiolojia alisema ndani ya seli kuna protini ndefu kama kamba. Mguu wake umeshikwa kwenye kituo cha kupanga mizigo ya seli, kichwa kinaelea. Vifuko vidogo vya mizigo vikipita, inavidaka visipotee. Ukuta mkubwa uliotanda bapa inauacha.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, ina macho?"

Darasa zima likacheka isipokuwa yeye. "Kesho utakuja kutueleza inatofautishaje. Ukishindwa, nafasi yako ya kwenda maabara ya utafiti anachukua jirani yako."

Ile safari ndiyo ilikuwa sababu ya mimi kuamka asubuhi. Nilitaka kuona seli hai kwa hadubini, si mchoro wa chaki unaofanana na chapati iliyoungua. Jirani yangu wa dawati akaninong'oneza, "Kaka, nitakusalimia hizo seli."

Nyumbani Ifakara nilikuta mawingu meusi yamekaa juu ya mpunga wa bibi, ulioanikwa kwenye jamvi la matete. Badala ya kuuzoa taratibu nilibeba jamvi zima, nikalipinda juu ya ukingo wa pipa, mpunga ukiwa upande wa nje, ili nimimine kwa mkupuo. Mpunga mwingi uliingia. Lakini pale jamvi lilipopinda, punje zilikuwa zimezama katikati ya matete, zimekwama zimesimama wima.

Bibi akashika kiuno. "Mume wangu wee! Nimekutuma kuanua, wewe unapanda!"

"Mke wangu, nakuandalia shamba la ndani."

"Zitoe moja moja. Na leo hulali kwangu."

Nikachokonoa huku mvua inanipiga mgongoni, hadi mkono ukasimama wenyewe. Sehemu bapa haikuwa na punje hata moja! Jamvi likilala, matete yanabanana. Likipinda, upande wa nje yanaachana na nafasi zinafunguka. Nilishtuka hadi bibi akadhani nimeona nyoka. Kuta za vifuko nazo ni utando: vimolekuli vya mafuta vilivyosimama bega kwa bega. Kifuko kikiwa kidogo, mpindo unakuwa mkali na mianya inajitokeza. Kichwa cha ile protini, kitabu chetu kilisema, kina upande unaopenda mafuta; ndio unaozama humo. Hakuna kutazama wala kufikiri.

Kesho yake niliingia darasani na jamvi kichwani kama anayehama nyumba. Nikafunga uzi wa katani kwenye mguu wa meza na kijiti cha tete kwenye ncha ya pili. Nikatandaza jamvi sakafuni, nikakiburuza kijiti juu yake: kikateleza. Kisha nikalizungusha kwenye ndoo ya kudekia, nikakisukuma kijiti kwenye mwanya. Kikazama.

"Mchawi huyo!" akapiga kelele mmoja wa nyuma.

"Kwa nini hakikushika pale bapa?" Mwalimu akauliza.

"Hakina gundi, Mwalimu. Kingekuwa na gundi kingeng'ang'ania kila ukuta. Kinasubiri mwanya."

Hapo jirani yangu, aliyeona safari inamponyoka, akaipiga ndoo teke. Ikabingirika na jamvi lake kuelekea mlangoni. Moyo wangu ukaenda nayo. Uzi ukakaza, ndoo ikashtuka, ikasimama inayumba. Kijiti hakikuchomoka.

Mimi ndiye niliyeshangaa kuliko wote, maana teke halikuwa kwenye mipango yangu.

Mwalimu akachuchumaa, akauvuta ule uzi kwa kidole. "Kwa hiyo protini inajua?"

"Haijui chochote, Mwalimu. Inanasa tu."

Nilipoyasema hayo nywele zikanisimama. Humu ndani yangu, wakati najitia mjanja mbele ya watu arobaini, mizigo inadakwa na kamba zisizojua kitu, na hazijakosea kiasi cha kuniua. Nilijigusa tumbo kama mtu aliyeambiwa ana wapangaji.

Mwalimu akainuka, akapangusa magoti.

"Alhamisi uvae soksi safi," akasema. "Maabarani tunavua viatu."

Jirani yangu akatazama miguu yangu, akaguna. "Mwalimu, hujazinusa soksi zake. Hizo seli zitakufa."